Daftari la Wagonjwa la Bweni la Tatu

Kengele ya asubuhi ikilia, kitu cha kwanza nilichoshika kila siku kilikuwa daftari. Sikunawa uso wala kutandika kitanda kwanza. Nilikuwa kiranja wa Bweni la Tatu, wasichana arobaini, na wenzangu walipokuwa wakigombea ndoo na kusukumana kwenye bomba la maji, mimi nilisimama mlangoni na kalamu nikiita majina. Mtu akijibu "Nipo, mzima," naweka alama. Akijibu "Nipo, naumwa," naandika jina lake kwenye ukurasa wa wagonjwa na anakwenda kwa nesi. Mwisho natia saini, nampelekea Matroni kabla ya chai.

Zamani ukurasa ule ulikuwa unajaa. Jamani, zamu ya kusafisha vyoo ikifika, mngeshangaa jinsi watu walivyoumwa tumbo! Mwalimu Mkuu akachoka na sisi. Mwanzoni mwa muhula alitundika ubao kwenye ukuta wa bwalo, akauchora safu tano, safu moja kwa kila bweni.

"Bweni litakalokuwa na wagonjwa wachache kuliko yote hadi katikati ya muhula," alisema, "litakwenda nyumbani siku tatu. Mengine yatabaki hapa yakisoma."

Alidhani ametibu uvivu, na kweli aliutibu. Tulipona wote kwa siku moja, hata wale waliokuwa wanaumwa kwelikweli. Nesi wetu, mama mmoja mnene ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, akabaki anafuma sweta kwenye chumba chake kando ya stoo.

"Wasichana mia mbili, hata mafua hakuna?" aliniuliza siku moja huku sindano zake zikienda. "Hii ni shule au ni peponi?"

Nilicheka tu, nikapita.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho hamtanielewa. Mama yangu alijifungua wiki mbili baada ya shule kufunguliwa. Nilipata mdogo wa kiume, na nilikuwa sijamwona hata kwa picha. Baba alinipigia simu ofisini akaniambia, "Amechukua pua yako, maskini ya Mungu." Tangu siku hiyo sikuwa na wazo lingine. Darasani naiona pua, bwaloni naiona pua.

Zilipobaki siku tisa, ubao ulionyesha Bweni la Kwanza wagonjwa wawili, Bweni la Tatu wagonjwa wawili. Jina moja tu lingetosha kutuangusha. Siku hiyohiyo Kijiko akaja mlangoni ameshika shavu.

Kijiko alikuwa rafiki yangu, akilala kitanda cha chini ya changu. Walimpa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza alikuja na kijiko chake kimefungwa kwa kamba shingoni, asiibiwe. Watu walimcheka, jina likaganda. Ndiye aliyekaa na mimi wiki yangu ya kwanza ya bweni nilipokuwa nalia chooni, akaniletea maji ya kunawa uso bila kuniuliza kitu.

"Sikio linaniuma," aliniambia. "La kushoto. Tangu juzi. Ndani kama kuna mtu anagonga mlango."

"Linauma sana au linauma tu?"

"Linauma."

Nikaishusha kalamu. "Siku tisa tu, rafiki yangu. Nikikuandika leo tumekwisha. Watu arobaini, Kijiko!"

Nyuma yake alikuwa Redio, msichana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Akadakia, "Wewe usituharibie! Mimi jino linaniwaka moto tangu wiki jana, umenisikia nikilalamika?"

Watu wakacheka. Kijiko naye akajaribu kucheka, kwa upande mmoja wa uso.

"Haya," akasema. "Nipo, mzima."

Nikaweka alama.

Siku ya nne sikio lilianza kutoa usaha. Kijiko alichomoa pamba kwenye godoro lake lililochanika, akaiviringisha, akaisukuma ndani. Pamba ikilowa anaweka nyingine. Kitanda chake kilianza kunuka vibaya, na aliyelala jirani akageuza mto wake upande wa pili. Wote tulijua. Tulimwambia pole, tukamwachia maji ya kwanza ya bomba, tukajiona watu wema sana.

Siku ya sita mwalimu wa hesabu alimwita jina mara tatu akiwa ameelekea ubaoni. Kijiko alikuwa ameinamia daftari, hakuitika.

"Wewe! Kiburi umekianza lini?" mwalimu akafoka, akamsimamisha nyuma ya darasa kipindi kizima.

Mimi nilikuwa nimekaa dawati la mbele yake. Ningeweza kunyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, hasikii." Maneno mawili tu. Nilikunja mikono yangu chini ya dawati nikamwacha asimame.

Siku ya saba Matroni alikuja mwenyewe wakati wa kuita majina. Macho yake yakamwangukia Kijiko.

"Huyu mbona kajifunga kitambaa mpaka masikioni?"

"Baridi, Matroni," nilijibu mimi, kabla Kijiko hajafungua mdomo.

"Hakuna mgonjwa?"

"Hakuna, Matroni."

"Haya, saini."

Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Tulishinda. Bweni la Kwanza waliangushwa na msichana aliyezimia mstarini, nasi tukashangilia kana kwamba kuzimia kwake ni bao. Ijumaa nikapanda gari, jioni nikawa nyumbani, nikampakata mdogo wangu mpaka Mama akasema, "Mwache mtoto apumue, jamani!" Pua ilikuwa yangu kweli. Sitawadanganya kwamba nilikuwa namwaza Kijiko. Sikumwaza. Nilifurahi siku tatu nzima, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote mpaka leo.

Jumatatu tuliporudi, kitanda cha chini kilikuwa kitupu. Jumanne vilevile. Jumatano niliitwa ofisini.

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza, Matroni kasimama ukutani amekumbatia daftari, nesi ameketi kwenye benchi. Kijiko alikuwa karibu na dirisha, kichwa kimezungushiwa bandeji nyeupe. Pembeni yake alisimama baba yake, fundi cherehani. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake. Nadhani aliondoka kazini bila kujua kama anao.

"Mimi nilileta hapa mtoto anayesikia masikio yote mawili," alisema polepole. Akafungua kikaratasi juu ya meza. Ndani kulikuwa na donge la pamba, jeusi, limekauka. "Hiki daktari amekitoa ndani ya sikio la mwanangu. Anasema ugonjwa umekula mpaka ndani kabisa. Usaha utakauka. Kusikia kwa upande huo hakutarudi."

Matroni alifungua daftari. "Baba, sisi tunaandika kila asubuhi. Tazama mwenyewe. Mzima, mzima, mzima. Mtoto hakusema."

Mwalimu Mkuu akamgeukia Kijiko. "Ulimwambia mtu yeyote kwamba unaumwa?"

Kijiko alinitupia jicho mara moja, akatazama sakafu.

"Hapana, Mwalimu. Sikumwambia mtu."

Pumzi zikanirudi. Nimepona, nilijisemea. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyowaza, na sitajisafisha hapa.

Lakini baba yake alimgeukia yeye. "Kwa hiyo ni wewe mwenyewe?" Sauti ilikuwa imemkauka. "Nashinda nimeinamia cherehani mpaka mgongo unakatika ili usome, na wewe unashindwa kufungua mdomo useme unaumwa? Mtoto gani wewe?"

Kijiko akaanza kulia bila kutoa sauti, machozi yakiingia kwenye bandeji. Alikuwa ameshalipoteza sikio, na sasa alikuwa anagombezwa kwa kosa langu. Nikashindwa.

"Aliniambia mimi," nilisema.

Wote wakanigeukia.

"Aliniambia siku ya kwanza kabisa. Mimi ndiye niliyemkataza. Niliandika mzima nikijua anaumwa. Kila siku, mpaka ile siku ya mwisho. Matroni alipouliza, mimi ndiye niliyejibu."

Nilingoja nipigiwe kelele. Fundi hakupiga kelele. Alinitazama, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

"Nilitaka kwenda nyumbani kumwona mdogo wangu. Amezaliwa muhula huu."

"Ulimwona?"

"Ndiyo, baba."

"Mzima?"

"Mzima."

"Vizuri," akasema. Akakikunja kikaratasi chake, akakitia mfukoni, akamshika binti yake mkono wakatoka. Afadhali angenipiga makofi.

Kesho yake Mwalimu Mkuu aliungoa ubao mbele yetu wote. "Na mimi nina kosa," alisema. Hakuwa mtu wa kusema hivyo. "Nilikaa kuhesabu wagonjwa badala ya kuwatibu, na nikawafundisha kuficha. Kuanzia leo anayeumwa aende kwa nesi, hata kama ni bweni zima."

Mimi nilivuliwa beji ya ukiranja hapohapo. Baba yangu aliitwa. Alikwenda na mimi mpaka karakana ya fundi, akaomba radhi ameinamisha kichwa. Bwenini hali haikuwa nzuri zaidi. Wale walionipigia makofi tuliposhinda sasa walisema, "Sisi tulikuwa tunafuata amri ya kiranja." Ukurasa wa wagonjwa siku hiyo uliandikwa majina kumi na saba. Redio aling'olewa meno mawili badala ya moja, na nesi hakupata tena nafasi ya sweta lake.

Kijiko alirudi baada ya wiki mbili. Sikujua nitamtazamaje. Nilikuwa nimejitungia maneno, nikayarudia moyoni kila siku nikifua, nikifagia, mpaka yakanyooka. Jumamosi mchana, wasichana wakiwa wanapiga pasi na kusukana nywele, nilimkuta amejilaza ubavu, uso umeelekea ukutani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake. Nilikuwa naona haya, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

Nilimwambia yote. Kwamba nilijua anaumwa. Kwamba siku ile ya hesabu ningeweza kumsaidia nikanyamaza. Kwamba alinitetea ofisini na sikustahili. Kwamba nilifurahi nyumbani wakati yeye yuko hospitali. Nilisema mpaka maneno yakaniishia, kisha nikangoja.

Hakujibu wala hakutikisika. Nikajua amekataa, na ni haki yake. Nikanyoosha mkono nikamgusa bega angalau nimuage.

Akashtuka akainuka. "Ah! Umenitisha. Umekuja saa ngapi?"

Alikuwa amelilalia sikio la kulia. Lile zima lilikuwa limezama kwenye mto. Hakuwa amesikia hata neno.

"Ulikuwa unaongea na mimi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi sema tena. Njoo upande huu. Na upaze sauti kidogo, nikiwa na hii bandeji watu wote nawasikia kama wako nje."

Nikazunguka. Pasi zilisimama, mikono iliyokuwa inasuka ikasimama. Maneno yangu mazuri yote yalikuwa yamekimbia, nikabaki na machache.

"Nilijua unaumwa!" nilisema kwa sauti kubwa. "Nikaandika mzima! Nisamehe!"

Bweni zima lilisikia. Kijiko alinitazama.

"Sasa nimesikia," alisema. "Kama nimekusamehe, bado sijui. Nikijua nitakwambia."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuja akaliweka kitandani, akavua miwani yake akaifuta kwa kanga.

"Mwanangu," aliniambia, "siku ile ungeandika neno moja tu, naumwa, ningemaliza kazi kwa vidonge vya wiki moja. Kuumwa si aibu, na hakuna bweni linaloangushwa na mgonjwa. Kilichomwangusha huyu ni uongo wako, na wote humu waliujua wakaubeba na wewe. Umeomba msamaha, umefanya vyema. Endelea kuomba. Ila mjue wote, msije mkasahau: yeye akikusamehe leo, au kesho, au mwakani, sikio lake litabaki hivyohivyo."

Nesi akavaa miwani, akaniwekea sinia mikononi.

"Haya, nishikie hapa nimsafishe."

Nikalishika. Kijiko alilala tena ubavu, akatugeuzia upande wa kushoto. Nililia pale juu yake wakati wote nesi akisafisha, na yeye hakusikia.