Kamati ya Ufundi

Belo la mitumba likifunguliwa sokoni Same, adabu huwekwa kando. Asteria alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni juu ya gauni lake la buluu la mikono ya puto, na nywele zake za twende kilioni amezibana vizuri zisimsumbue. Waya wa belo ulipokatwa tu, aliona kitu cha njano kikimeremeta katikati ya masweta, akakirukia.

Akavuta. Kikavutwa upande wa pili.

"Kaka, achia. Mimi nimeshika kwanza."

"Dada yangu, wewe umeshika mkono, mimi nimeshika kifua. Mwenye kifua ndiye mwenye shati."

Asteria akainua macho. Kijana mrefu, ovaroli lake limetobolewatobolewa na cheche za moto, na tabasamu ambalo halikuwa na haraka yoyote. Chini ya shati lile walilokuwa wakigombania kulikuwa na mengine ya njano vilevile, jezi za timu fulani ya Ulaya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Unazitaka zote? Kwani una watoto kumi na mmoja?"

"Ninao. Wote wanasoma Sekondari ya Mkongeni."

Watu waliowazunguka wakaangua kicheko, maana Mkongeni haikuhitaji kutambulishwa. Mwaka uliopita, mechi ya kwanza ya mashindano, wageni walipiga shuti likagonga mwamba wa goli. Mwamba ulikuwa mti, na huo mti mchwa walishaumaliza. Ukaanguka wote, mwamuzi akavunja mchezo, pointi wakapewa wageni. Tangu hapo mtu akiangusha hata sufuria mjini Same, anaitwa Mkongeni.

"Mwaka huu tunafika Moshi, fainali za mkoa," kijana alisema, bila kujali vicheko. "Tuna mwalimu mpya. Tuna Daudi, kijana kutoka Ziwa Jipe, mguu wake wa kushoto ukiuona utaacha kuuza nguo. Kilichobaki ni jezi."

"Mimi nilitaka kuzipeleka kwa watoto wa kwaya, Sunday School."

"Waimbe wamevaa njano? Watafanana na vifaranga."

Asteria alitaka kukasirika akajikuta anacheka, na mkono ukalegea wenyewe. "Chukua. Lakini mkifungwa, zinarudi kwa vifaranga wangu."

Hivyo ndivyo alivyomfahamu Nicolaus, fundi wa kuchomelea wa gereji ya barabara kuu. Jezi nne kati ya zile zilikuwa na namba saba mgongoni, lakini hizo zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje ndiyo kwanza zimefunguliwa. Watu waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni juzijuzi hawakuwa na muda wa kulalamikia namba.

Gerejini kulikuwa na simu. Kwenye duka la dawa la Hedwiga, jirani na meza ya mitumba ya Asteria, kulikuwa na simu pia. Mapenzi yao yalipita kwenye waya huo.

"Hallo, duka la dawa? Nina mgonjwa hapa."

"Anaumwa nini?" Hedwiga aliuliza siku ya kwanza, kwa sauti ya kazi.

"Moyo. Dawa yake iko hapo nje kwenu, imevaa kanga."

Kuanzia hapo Hedwiga hakuuliza tena. Alikuwa akitoa kichwa dirishani na kupaza sauti soko zima lisikie: "Asteria! Yule mgonjwa wako bado hajapona!"

Naye Asteria alikuwa akikimbia. Siwezi kumfichia, alikuwa akikimbia mpaka ndala zinabaki nyuma. Alimpenda yule mtu kwa moyo wake wote: kicheko chake, harufu ya chuma kwenye mikono yake, na vile alivyosema "tutafika Moshi" kana kwamba Asteria naye yumo kwenye kikosi.

Habari zikapanda mlima zikamfikia baba yake, Mzee Melkizedeki, mzee wa usharika wa Kilutheri kule Mbaga. Akatuma maneno kwa kondakta wa basi: atashuka Jumamosi ya mechi ya kwanza, amwone huyo kijana. "Kwamba ni Mkatoliki, tutazungumza. Kwamba marehemu baba yake alikuwa manamba aliyeletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, hilo si kosa. Ninachotaka kujua ni kama anamcha Mungu."

Asteria akaona mambo yamenyooka. Siku chache kabla ya hiyo Jumamosi, Hedwiga akaja mezani kwake na uso mzito.

"Shoga, sijui nikuambieje. Nicolaus wamemchagua mwenyekiti wa kamati ya ufundi."

Shati alilokuwa akilikunja likamtoka Asteria mkononi. Nchi nzima inajua kamati ya ufundi ya timu ya mpira inafanya nini. Ndiyo inayokwenda kwa waganga. Ndiyo inayofukia hirizi.

"Haiwezekani."

"Mwenye mashine ya kusaga amemwona alfajiri. Anachimba golini, magoli yote mawili, anafukia vitu kutoka kwenye mfuko."

Simu ilipolia mchana ule, Asteria hakukimbia. Alitembea.

"Dawa yangu," Nicolaus alianza.

"Ni kweli wamekuweka kamati ya ufundi?"

"Mwenyekiti kabisa!" Sauti yake ilijaa fahari. "Nani amekupa habari?"

"Na golini ulichimba?"

Kikasikika kicheko. "Ah, wamekuambia! Hiyo ni siri, mpenzi, usiulize. Utaona Jumamosi."

"Nicolaus, baba yangu ni mzee wa kanisa. Nami namwogopa Mungu kuliko nilivyokuwa nakupenda. Usinipigie tena."

Akaweka mkono wa simu. Alilia nyuma ya kabati la dawa, na simu ilipolia tena, na tena, Hedwiga aliambiwa aseme mgonjwa akatafute hospitali.

Jumamosi Mzee Melkizedeki alishuka kwenye basi akiwa na koti zito la mlimani, kofia, bakora, na mfuko wa tangawizi. Joto la Same likampokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

"Baba, hakuna tena kijana wa kuonwa." Akamweleza yote, machozi yakimlengalenga.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa baraza la wazee miaka mingi, na kama unavyosikia tukisemwa sisi Wapare kwa kupenda kesi, mzee huyu kesi aliipenda kuliko makande.

"Umemsikiliza mshtakiwa?"

"Alikiri mwenyewe kwenye simu, baba!"

"Kwenye simu hakuna baraza. Mkatoliki nitamvumilia, mganga hapana. Lakini nitamsikia kwanza. Twende."

Uwanja wa Mkongeni ulikuwa umefurika. Kina mama na vibakuli vya karanga, wanafunzi juu ya ukuta, wazee waliosema wamepita njia tu. Lakini Asteria hakuwaona. Aliona magoli. Yalisimama meupe, yamenyooka, ya chuma kitupu, na nyuma yake zimening'inia nyavu. Sekondari ya Mkongeni haikuwahi kuwa na nyavu.

Mzee Melkizedeki alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Akaigonga kwa bakora. Akaitikisa kwa mikono miwili, kama anavyotikisa kila kitu kabla ya kukinunua, nayo haikutikisika. Akanusa nyavu, akakunja uso.

"Mwenyekiti wa kamati ya ufundi ni nani hapa?"

Nicolaus akajitokeza, ametapakaa rangi nyeupe ya magoli mpaka kwenye nyusi. Hakumtazama Asteria. "Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Umefukia nini golini?"

"Saruji, mzee. Na miguu ya hizi nguzo. Ni reli za vitoroli vya mkonge. Baba yangu alisukuma vitoroli juu ya reli hizi mpaka shamba likafungwa. Nilimwomba meneja, akaniruhusu nizikate. Nyavu tumepewa na wavuvi wa Jipe, harufu itaisha."

"Na hiyo kamati yenu?"

"Mimi nachomelea, Hezroni ni seremala, na kuna fundi cherehani aliyebadilisha namba za jezi. Mwalimu Fanueli ndiye alituita kamati ya ufundi, kwa kuwa sisi ni mafundi."

Mwalimu Fanueli, kocha mpya, alikuwa mtu wa hesabu aliyejifunza mpira vitabuni, na maisha yake yote hakuwahi kukaa na mashabiki. Akavua miwani. "Kwani ufundi una maana nyingine?"

Uwanja mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Asteria alicheka nao, kisha akagundua kwamba analia, akasogea mpaka alipo Nicolaus.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ukute yamesimama. Uone kwamba kitu nilichokishika mimi hakianguki."

"Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukusikia."

"Umeniua kwa simu, Asteria."

"Najua. Nami nilikufa huku upande wa pili."

Filimbi ikalia kabla hajajibu. Mpira ulikuwa mgumu. Daudi alikosa mara mbili, watu wakashika vichwa. Dakika za mwisho mshambuliaji wa wageni akaachia shuti kali lililompita kipa. Kila mtu alikumbuka mwaka jana.

Ngaaa! Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani. Mwamba ukabaki palepale.

Mechi iliisha bila kwa bila, lakini ungedhani wamechukua kombe. Mashabiki walivamia uwanja wakaikumbatia nguzo, wakaipiga busu, na katikati yao kofia ya Mzee Melkizedeki ikaruka juu. "Mwaka huu Moshi!" alipaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kuona mechi.

Jumatatu simu ya gereji ililia, na Nicolaus akaipokea mwenyewe.

"Hallo, gereji? Naomba kuongea na kamati ya ufundi."

"Inaongea," alijibu polepole.

"Baba anasema ipande mlimani. Ije na mshenga, ije imeoga, na zile nyavu iziache Same."

Kitu cha chuma kilianguka sakafuni kule gerejini. "Asteria, ipande kufanya nini?"

"Kuchumbia, Nicolaus. Mimi nimeshakubali, nakuambia mapema usije ukafa njiani."

Hedwiga, aliyekuwa amebandika sikio karibu na mkono wa simu, akatoa kichwa dirishani. "Jamani!" aliwapigia kelele watu wa sokoni. "Mgonjwa amepona!"