Kikombe cha Mayai

Kila asubuhi Bronia aliwapa kuku chakula, akaokota mayai, kisha akamsaidia Shangazi Wiktoria kupika. Kijijini walimjua kama mpwa wake kutoka mjini. Kwamba jina lake la kweli ni Frajda, na kwamba ni Myahudi, walijua shangazi na bintiye Jagna tu. Ulikuwa wakati wa vita. Wajerumani waliotawala Poland waliwaua Wayahudi, na aliyemficha Myahudi aliuawa pia.

Bronia alipasua kila yai kikombeni kwanza, akalichunguza, ndipo akalimimina kikaangoni.

"Unatafuta kifaranga?" Jagna alizoea kumtania.

Siku moja Gajda, polisi wa kijiji aliyewatumikia Wajerumani, aliingia bila kubisha hodi, akalaza bunduki mezani.

"Mama, njaa inaniua. Huyu mtoto anikaangie mayai."

Bronia akapasua yai kikombeni, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mama yake alivyomzoesha: kwa sheria ya Wayahudi, yai lenye tone la damu haliliwi.

Gajda akaacha kutafuna mkate. "Mke wa fundi viatu, yule Myahudi, alikuwa akifanya hivyo hivyo."

Bronia akalimimina yai kikaangoni upesi.

"Ndivyo tunavyofanya hapa," shangazi akasema. "Yai viza liliniharibia unga wote wa Pasaka."

"Eti? Basi mwite bintiyo akaange yaliyobaki. Na usimwambie neno."

Jagna akaja kutoka zizini. Aliitazama bunduki, kisha uso wa Bronia. Akachukua yai, akalisogeza kwenye ukingo wa kikaango. Bronia akafumba macho.

Jagna akasita. Akavuta kikombe, akalipasua humo, akaliinua dirishani.

"Halina kifaranga," akasema, akalimimina.

Gajda akala, akafuta mdomo, akaenda zake.

Bronia akaangua kilio. "Nisameheni! Nusura niwaue. Naapa nitaacha, shangazi."

"Ukiacha, akirudi atajiuliza kwa nini umeacha," shangazi akamwambia, akimshika mabega. "Kulelewa vizuri na mama yako si kosa, mwanangu. Kosa ni la wanaomwinda mtoto. Na anayeishi nasi hatumwachi abebe hofu peke yake. Tangu leo, sote tunapasua mayai kikombeni."

Wakafanya hivyo, yai kwa yai, mpaka siku vita vilipokwisha na Bronia akaitwa tena Frajda.