Pembe ya Mkate wa Kwanza

Kijiko alipofika nyumbani kutoka shuleni, hakupita mlango wa mbele. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja, na wateja wa mkate wana maneno. Alizungukia uani, akapita kando ya magunia ya unga, akavua viatu na kunawa mikono hadi kwenye viwiko kama baba yake alivyomfundisha. Ndipo alipochungulia dirishani kumwangalia mgonjwa wake.

Shuleni alikuwa na jina jingine. Hili la Kijiko alipewa na baba, kwa kuwa tangu alipoanza kutembea alikuwa akimfuata baba huyo nyuma nyuma katika chumba cha tanuri, kijiko mkononi, akidai kuonjeshwa kila kitu. Baba mwenyewe watu walimwita Mzee Tanuri. Alikuwa mwoka mikate, mtu mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kutikisa vioo vya madirisha. Lakini afya yake ilikuwa imeanza kumgeuka. Sukari ilipanda, presha ikafuata, magoti yakagoma, na usingizini alikuwa akikata pumzi mpaka mama anamwamsha kwa hofu. Mwishowe madaktari walimfanyia upasuaji wa kulipunguza tumbo la chakula, likabaki dogo na jembamba mfano wa ndizi.

Majirani walidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Siku ya kumruhusu, muuguzi wa wodi aliwaketisha wote watatu, akawaeleza bila kuzunguka. "Kwa sasa ni vitu vya majimaji peke yake. Maji, maziwa, supu iliyochujwa, tena kidogo kidogo. Vilivyopondwa vitafuata baadaye, tukimwambia. Mkate bado kabisa. Mkate huvimba na kuganda, na kidonda cha ndani bado kibichi." Kisha akamgeukia baba. "Tumbo tumelipunguza, mzee. Hamu hatukuikata, haina mahali pa kupitisha kisu. Itakuja, na ikija usikae nayo peke yako. Useme."

Baba alicheka sana siku hiyo. Alipofika nyumbani hakucheka tena, maana chumba chake kilipakana na chumba cha tanuri, na kila alasiri harufu ya mkate moto ilipenya ukutani ikaja kuketi naye kitandani. Wakati huo mama alikuwa akiwasimamia wafanyakazi waoke mikate ya jioni, na Kijiko alikaa na baba ili amhimize kunywa. Baba alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akameza funda moja, akakiangalia kama mtu aliyetukanwa.

Sasa, nyumba hii ilikuwa na desturi yake. Mkate wa kwanza kutoka tanurini haukuuzwa. Baba aliugeuza, akaugonga chini kwa vidole na kusikiliza mlio. Kisha alivunja pembe, akaitafuna macho yamefumbwa, na watu wote wakanyamaza. Akisema "Uende," mikate yote inapelekwa dukani. Akisema "Urudi," inarudi motoni. Tangu alipougua, hakuna aliyethubutu kuigusa pembe ile. Mama alikuwa hodari wa kuuza kuliko mumewe, lakini kuonja alikataa katakata. "Hiyo ni kazi ya mwenyewe," alisema. "Atakapopona ataikuta." Kwa hiyo, kwa sababu ya heshima tu, mikate ikawa inatoka bila kuonjwa na mtu.

Alasiri hiyo sauti ya jirani yao, fundi cherehani, ilisikika kutoka dukani. Mwanamke huyo hakujua kunong'ona.

"Mama Kijiko, mkate wenu wa jana haukuwa na chumvi hata chembe. Au tanuri nalo limefanyiwa upasuaji?"

Wateja wakaangua kicheko. Ulikuwa utani wa ujirani, wala hakukuwa na ubaya ndani yake. Lakini baba aliusikia. Kijiko alimwona akigeukia ukuta, mabega yakianza kutetemeka, na mwanzoni alidhani anacheka pamoja nao. Baba alikuwa analia. Kijiko hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hakujua aangalie wapi.

"Mkate wangu hauna chumvi," baba alisema. "Zamani nikiudhika nilijua la kufanya. Nilikuwa nakata mkate, napaka siagi, basi. Sasa nikiudhika nifanye nini? Ninywe maji?"

"Baba, nikuletee supu?"

"Sitaki supu." Alijifuta macho, akamsogelea, sauti ikashuka. "Niletee pembe, mwanangu. Ya mkate wa kwanza. Nitauonja kwa ulimi tu, kisha niteme. Lazima nijue wamekosea wapi. Mama yako asijue."

"Lakini muuguzi alisema..."

"Muuguzi anajua sindano. Mkate naujua mimi." Akamwangalia. "Au humwamini baba yako?"

Swali hilo mtoto atalijibu vipi? Kijiko alitoka miguu ikimwambia rudi. Mkate wa kwanza ulikuwa juu ya meza peke yake, ukitoa mvuke. Mama alikuwa amempa mgongo, akifunga mikate ya mteja. Kijiko akavunja pembe, akaitia katika mfuko wa sare ya shule ikamchoma paja, akarudi. Hakuiba kitu cha mtu, lakini alinyata kama mwizi.

Baba aliinusa kwanza. Akaweka kipande ulimini, akafumba macho kama siku zake zote. Kijiko akamsogezea kikombe cha kutemea. Baba hakutema. Alitafuna mara moja mbili, akameza, akauma tena, upesi upesi, mfano wa mtu anayefukuzwa, mpaka pembe yote ikaisha.

"Kweli hauna chumvi," alisema, na akatabasamu. Kijiko naye akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amelikosa tabasamu hilo. Halikukaa.

Baba alishika kifua. Jasho lilimtoka usoni, mate yakamjaa kinywani na hakuweza kuyameza. Aliinama akayatema kwenye kikombe, yakatoka kama povu la sabuni. "Umekwama," alinong'ona. "Umekwama hapa."

"Mama," Kijiko akaita. "Mama, njoo."

Mama aliingia na unga mikononi. Alimtazama mumewe mara moja, rangi ikamtoka. "Baba Kijiko, umekula nini?"

"Sijala kitu. Ni gesi." Na huku akisema hivyo, juu ya bega la mkewe, alimkazia Kijiko macho. Mtoto alielewa maana ya jicho lile.

Namba ya wodi ilibandikwa ukutani. Mama alipiga simu, akaiweka sauti ya juu ili mikono yake ibaki na mgonjwa. Muuguzi alipokea.

"Amekula nini leo?"

"Maziwa na supu tu," mama akajibu. "Anasema ni gesi."

"Una hakika? Hakuna kigumu kilichopita kooni?"

"Hakuna. Mimi ndiye ninayempa."

"Basi akae wima, mpeni maji, funda moja moja. Baada ya muda nipigieni tena tuone."

Mama akanyoosha mkono kuchukua maji. Kijiko alikuwa amesimama mlangoni, vidole vyake mfukoni, na mfukoni mlikuwa na makombo. Baba bado alikuwa akimtazama. Akisema, amemwaibisha baba yake mbele ya watu. Asiposema, maji yatamiminwa juu ya mkate uliokwama, na kidonda cha ndani bado kibichi. Kikombe cha maji kilikuwa kimeshafika midomoni mwa baba.

"Mama, usimpe maji. Amekula mkate. Mimi ndiye niliyemletea."

Mama aligeuka, kikombe bado mkononi. Kisha muuguzi akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni binti yetu," mama akasema, sauti yake imebadilika.

"Ahsante, binti. Mama, toa hicho kikombe. Asipewe chochote, hata tone. Mleteni sasa hivi."

Waliondoka kwa gari la kusambazia mikate, baba mbele na dereva, Kijiko na mama nyuma katikati ya trei tupu. Baba hakumtazama tena Kijiko, na hilo lilimuuma kuliko kama angemchapa. Mama naye hakugomba. Unga ulikuwa unamkaukia vidoleni, naye hakuona.

Waliketi kwenye benchi refu la hospitali, mlango wa chumba cha matibabu umefungwa. Kila uliposikika mlio wa viatu, wote wawili walinyanyua vichwa.

"Mama, kidonda kikifumuka?"

"Sijui, mwanangu."

Kijiko alitamani mama aseme uongo, walau mara hiyo moja. Alibana mikono katikati ya magoti, akarudia kichwani maneno yale yale, nisingeleta, nisingeleta.

Hatimaye muuguzi alitoka, akaja kuchutama mbele yao. "Mkate ulikwama pale penye wembamba. Tumeutoa. Tumempiga picha na kidonda kiko salama." Mama akaegemea ukuta, machozi yakamtoka bila sauti. Muuguzi akamgeukia Kijiko. "Mngempa maji na kungoja, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

"Lakini mimi ndiye niliyeleta mkate," Kijiko akasema.

"Ndiyo, ulikosea. Kisha ukasema kweli wakati ilikuwa ngumu kusema. Twende, baba yako anakuita."

Baba alikuwa amelala nusu ameketi, uso umelegea. Alimshika mwanawe mkono. Muuguzi akavuta kiti.

"Mzee, leo alasiri supu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Uliitaka?"

"Hapana."

"Basi ile haikuwa njaa. Njaa ya tumbo huja polepole, na hupokea utakachoipa. Hii iliyokujia ilikuja ghafla na kuchagua. Ilikuwa nini?"

Baba alitazama dari. "Aibu," alisema mwishowe. "Waliucheka mkate wangu. Na hofu kidogo. Kwamba kama sionji, sina kazi tena."

"Umeona, umeitaja na hujafa. Aibu haitibiki kwa mkate, wala hofu. Hamu ikija, ipe jina lake, simama, tembea, mwite mtu mzima mwenzako. Hamu ni mgeni. Usipompa kiti atasimama, atachoka, ataondoka." Akamtazama mtoto, kisha baba. "Na siri ya mtu mzima usimtwishe mtoto tena. Hata shingo yake haijakomaa."

"Nimesikia," baba akasema, na safari hii hakucheka.

Alirudi nyumbani, akaendelea na maziwa yake na supu yake, kisha vyakula vilivyopondwa alipopewa ruhusa. Siku zilikuwa ndefu. Mara nyingine alikasirika bila sababu, mara nyingine alilia, na mama alijifunza kuulizia hisia iliyomjia, kwa kusema "Leo ni ipi?" badala ya "Una nini wewe?" Fundi cherehani alikuja kuomba radhi kwa sauti ile ile yake kubwa, mtaa wote ukasikia.

Nguvu zilipomrudia, alasiri moja baba aliingia chumba cha tanuri na kuketi kwenye kiti kando ya meza. Mkate wa kwanza ukatoka. Akaugeuza, akaugonga, akasikiliza. Akavunja pembe. Mama akaacha kazi yake akasimama, Kijiko akasogea karibu. Mvuke ulimpanda baba usoni, na kwa kitambo alibaki ameishika tu.

Kisha akamnyooshea Kijiko. "Onja."

"Mimi?"

"Ulimi wangu uko likizo. Fumba macho, utafune, uniambie kweli. Kusema kweli unajua."

Kijiko akatafuna polepole. Wafanyakazi walimtazama, mama alimtazama. "Chumvi ipo," alisema. "Lakini ndani ni mbichi kidogo."

"Kwa hiyo?"

Alisita, kwa kuwa mikate mingine ilikwisha kupangwa tayari kwenda dukani. "Urudi," akasema.

Baba akacheka kile kicheko chake cha kutikisa vioo, huku ameshika tumbo lisimuume. Kilipokwisha, alikunja vidole vyake, akainuka na kusogea mbali na meza. "Mama Kijiko," alisema taratibu, "imekuja."

"Leo ni ipi?"

"Wivu. Namwonea wivu mtoto anayetafuna."

Mama akapangusa mikono, akamshika mkono, wakatoka uani. Kijiko akawafuata. Walizunguka magunia ya unga, wakazunguka tena, baba akipumua kwa nguvu, harufu ikiwafuata. Walizunguka mpaka mabega yake yakashuka.

"Ameondoka mgeni?" mama akauliza.

"Yuko mlangoni anavaa viatu." Baba akaketi juu ya gunia, akamvuta Kijiko karibu. "Mwanangu, siku ile nilikutolea jicho ili unyamaze. Wewe ulifundishwa kumtii baba, nami nikautumia utii wako vibaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilitaka kukufanya mwenzangu wa kuficha. Kumheshimu mkubwa siyo kumfichia jambo litakalomuua. Ungenitii, mngenizika."

Kijiko akalaza kichwa begani kwa baba. Bega lilikuwa limepungua, lakini lilikuwa la baba yule yule.

Kutoka ndani mfanyakazi akaita kwamba mikate iko tayari mara ya pili. Kijiko akakimbia. Aliugeuza mkate, akaugonga chini kwa vidole, akavunja pembe na kuitafuna macho yamefumbwa. Baba, aliyebaki kule uani kwa hiari yake mwenyewe, alinyamaza akisubiri pamoja na wengine.

"Uende," Kijiko akasema.