Udongo wa Shamba la Onsongo

Zachariah Mose, mlinzi wa ghala la chama cha wakulima wa kahawa karibu na Ekerenyo, alikutwa asubuhi amelala chali kando ya birika la kuoshea kahawa. Alikuwa amekufa. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na ukingo wa saruji ulikuwa na damu. Kiganjani alikuwa ameshika kipande cha mfuko wa plastiki.

Inspekta Celestine Nyamweya alivua kofia, akamwombea marehemu kimoyomoyo, kisha akaanza kazi.

"Kimeibwa nini?"

"Mfuko mmoja wa udongo," akajibu Jasper, kijana aliyekuja kupima hewa ya ukaa katika mashamba ya kahawa. "Afande, hata mwizi wa kuku ana akili. Nani huiba udongo?"

"Ulitoka wapi?"

"Kwa mzee Onsongo. Nilichimba pale mibuni ilipostawi kuliko kwingine."

"Ungefanyiwa nini?"

"Kuchomwa kwenye tanuri, maabara Nairobi. Ndipo tujue ardhi imehifadhi kaboni kiasi gani. Niliwaeleza wakulima wote. Ila Onsongo aliapa kwamba anatumia samadi tu. Labda aliogopa kuumbuliwa."

Onsongo alikamatwa kabla ya adhuhuri.

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Kanisani, mazoezi ya kwaya. Waulize wazee wenzangu."

"Mbolea ya dukani unatumia?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kidogo. Nilidanganya. Lakini afande, Mose alisimama nami siku ya harusi yangu. Nimuue kwa sababu ya mbolea?"

Wazee wa kanisa walithibitisha maneno yake. Celestine akamrudisha nyumbani mwenyewe, akaomba kuliona shamba.

Jasper alikuwa ameacha mashimo wazi kati ya mibuni. Moja tu lilikuwa limefukiwa. Juu yake palikuwa na alama za viganja vidogo vilivyosindilia udongo taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Persis, mke wa Onsongo, alikuwa amesimama pembeni, leso kiunoni.

"Mama, ni wewe uliyefukia hapa?"

Persis aliketi chini.

"Walisema watauchoma."

"Udongo?"

"Mtoto wangu, afande."

Akaeleza bila kuinua macho. Mimba yake ya kwanza ilitoka kabla ya wakati, mumewe akiwa kibarua kwenye mashamba ya chai, Kericho. Mtoto hakulia. Mama mkwe alimwamuru amzike mahali hapo na anyamaze, mwanamume asije akaambiwa ameoa mkosi.

"Sisi hatuchomi wafu wetu. Nilikuta ghala wazi, nikachukua. Mose akanifuata hadi kwenye birika, akicheka: 'Persis, kwenu udongo umeisha?' Ningemwambia nini? Akavuta, nami nikavuta. Mfuko ukapasuka, akaanguka."

"Alikufa papo hapo?"

Persis alishika leso iliyokuwa kiunoni.

"Hapana. Alikuwa akiniita. Mimi nilikuwa nazoa udongo kwa leso. Niliuzoa wote, afande. Yeye sikumwinua."

Celestine aliutazama udongo uliosindiliwa. Maiti alizozoea zilikuwa na wauaji wenye chuki, na hapa hakuiona. Akilini alimwona tu mjane wa Mose, aliyekuwa bado akingoja kuambiwa sababu.

Onsongo alisogea karibu.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, Baba Eric."

Mzee alivua kofia, akapiga magoti kando ya mkewe. Celestine alingoja amalize kusali, ndipo akatoa pingu.