Keki Isiyo na Harufu

"Hii si vanila."

Janelle alikuwa peke yake jikoni, pua kwenye mdomo wa chupa. Alionja kwa ncha ya ulimi. Chai. Chai iliyolala, yenye utando juu. Aliitema kwenye sinki, akasukutua, kisha akasukutua tena.

Keki ilikuwa tayari kwenye oveni. Jioni ile mumewe, Curtis, angetimiza mwaka bila kunywa pombe, na kwa desturi ya kikundi chake cha walioacha pombe, mke ndiye humvisha mumewe medali. Janelle alikuwa amemwahidi jambo moja zaidi: akiipata medali, Curtis atatoka chumba cha wageni, na yeye Janelle atairudisha pete ya ndoa kidoleni.

Bia waliimwaga pamoja. Mvinyo pia. Lakini Janelle huoka keki za watu, hununua vanila kwa chupa kubwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba vanila ya chupa hutengenezwa kwa kileo kikali. Sasa alielewa kwa nini wateja wa Krismasi walilalamika kwamba keki zake hazinukii. Alielewa pia ule utamu wa pumzi ya Curtis, ambao yeye mwenyewe aliusifu huku akimbusu.

Akamwandikia Curtis kwenye simu: *Njoo nyumbani kabla ya mkutano.*

Jibu likaja upesi: *Niko na Verdell, tunapanga viti. Tukutane huko, mpenzi. Usisahau keki.*

Akampigia Verdell, mzee aliyeacha pombe zamani, ambaye ndiye mlezi wa Curtis kikundini.

"Mzee, sogea pembeni asikusikie. Anakunywa vanila yangu. Chupa zote amejaza chai."

Mzee akakohoa kikohozi chake cha sigara.

"Mimi niliwahi kunywa marashi ya mke wangu. Nilinukia vizuri kwa wiki nzima."

"Sicheki, Mzee Verdell. Nasikia kichefuchefu. Leo simvishi mtu medali ya uongo."

"Basi usimvishe. Lakini usimsemee. Njoo na keki."

"Keki haina harufu."

"Tumezoea mabaya zaidi, binti yangu."

Chumba cha chini cha kanisa, walikokutania, kilinukia kahawa iliyoungua na makoti yaliyolowa theluji. Janelle aliweka keki mezani, na kando yake akaiweka ile chupa. Curtis, aliyenyoa vizuri na kuvaa shati la harusini, alikuja akitabasamu ili ambusu. Janelle aligeuza shavu.

"Vipi wewe? Mbona umenuna siku ya sherehe?"

"Nenda, Curtis. Wanakuita."

Curtis akasimama mbele. "Naitwa Curtis, mimi ni mlevi."

"Habari, Curtis," wakaitikia wote.

Janelle akasimama naye, medali ya shaba kiganjani. Watu wakawatazama, nyuso zao zikiwa na ile furaha laini iliyomchukiza zaidi kuliko kitu chochote. Hata sasa, chini ya harufu ya sabuni ya kunyolea, aliinusa vanila.

"Nikupe?" akamuuliza kwa sauti ya kawaida.

Curtis aliitazama medali. Kisha macho yake yakateleza hadi mezani, yakaikuta chupa.

"Janelle, tafadhali. Tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza swali dogo tu. Nikupe?"

Mzee Verdell alikuwa akikoroga kahawa yake, wala hakuinua kichwa. Kijiko kiligonga kikombe, kikagonga tena.

"Usinipe," Curtis alisema hatimaye. "Nimekunywa. Hata leo asubuhi nimekunywa. Nimekuwa nikikaa hapa nanyi kila Alhamisi huku nimekunywa."

Akaenda kwenye kikapu cha sarafu nyeupe za plastiki, zile wanazochukua wanaoanza, akachukua moja. Chumba kizima kikalipuka kwa makofi.

Janelle alimgeukia Verdell. "Mnampigia makofi mwongo? Hiki kikundi kinatia kinyaa."

"Kinatia, ndiyo," mzee alisema. "Ila usingeigundua chai, angeichukua medali, na wewe ungempigia makofi. Sisi tunampigia kwa kusema kweli."

Janelle alichukua koti.

Garini alishusha dirisha la upande wa Curtis mpaka mwisho. Upepo wa ziwani ukaingia na chembe za theluji.

"Funga, mke wangu. Nitaugua."

"Ugua. Sitaki kukunusa."

Wakaenda. Curtis alijikunyata, meno yakigongana, sarafu nyeupe ngumini.

"Naomba unisamehe."

"Leo sitakusamehe. Utalala chumba cha wageni, na pete itabaki kwenye droo. Vanila mpya nitaiweka kwa Verdell."

"Kwa Verdell? Huyo aliyekunywa marashi?"

Janelle alibana midomo. Hakutaka kucheka, na hakucheka.

"Alhamisi ijayo nitakupeleka mkutanoni mwenyewe," akasema. "Nitakaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini. Ukisema uongo, nitatoka."

"Sawa." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini ile keki niliionja, Janelle, kweli ilikuwa mbaya."

Janelle alimtazama, akamwona mwanamume mwenye kamasi na aibu, asiyependeza hata kidogo. Bado kinyaa kilikuwa pale pale. Akabonyeza kitufe, akalipandisha dirisha nusu.