Simu Iliyoulizwa Bei ya Mbao

Kila asubuhi Hija aliteremka na mama yake hadi pale Kunduchi wanapopokelea samaki. Zamu yake ya shule ilikuwa ya mchana, kwa hiyo alipata nafasi ya kumsaidia Mama kuchagua changu, kuwapanga kwenye beseni na kuwafunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa na mteja mmoja aliyewashinda wengine wote kwa kununua. Huyo ni Mpishi Sadallah wa hoteli ya ufukweni. Hakupenda kungoja. Alitaka apige simu, ataje kilo anazotaka, na samaki wamfikie wangali wanang'aa macho.

Ndiyo maana mwaka ule wa 1999, Mama alipopata zamu yake ya upatu, alinunua simu ya mkononi. Ilikuwa nyeusi, nene, yenye antena fupi kama kidole gumba. Hakuna mwanamke mwingine pale sokoni aliyekuwa nayo. Mama hakusoma sana, basi kazi ya kuandika namba aliikabidhi kwa Hija. Hija aliinakili kutoka kwenye karatasi waliyopewa dukani, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la sita, juu ya vipande vya maboksi. Wakawagawia wateja.

Wiki nzima simu ililia, lakini si Mpishi Sadallah aliyepiga.

"Haloo, mninga umefika?" aliuliza mmoja.

"Mninga?" Mama akashangaa. "Mie nina changu na kolekole, baba."

Mwingine akaulizia mbao za dari. Mwingine akataka kupunguziwa bei ya mlango.

Jumatano Mpishi Sadallah akaja mwenyewe, kofia yake nyeupe ameishika mkononi.

"Bi Mwanaheri, namba gani hii umenipa? Kila nikipiga, mwanamume ananifokea! Ikifika Jumamosi sijakupata kwa simu, namchukua muuzaji mwingine. Wageni wangu hawangoji."

Asubuhi ileile Hija na Mama wakaenda duka la simu, Mwenge. Kijana wa kaunta aliyewauzia simu, jina lake Twalib, alikuwa na tai nyekundu na kalamu mbili mfukoni. Aliwaacha wamesimama, akamhudumia bwana aliyeingia nyuma yao, kisha mwingine mwenye mkoba. Kanga ya Mama ilinukia samaki kidogo, na Hija alimwona Twalib akikunja pua.

"Simu nzima hii, mama," Twalib alisema bila hata kuigusa. "Watu wanakosea namba tu. Njooni kesho."

Alhamisi wakarudi.

"Fundi hayupo," alisema Twalib. Kisha akakiona kipande cha boksi mkononi mwa Mama. "Nani kaandika hii? Binti yako? Basi hapo ndipo penye kosa. Mnawapa watoto kazi za watu wazima, halafu mnakuja kutusumbua sie!"

Hija alihisi uso unamwaka. Watu wote dukani walikuwa wakimtazama. Nje, Mama hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Una hakika, mwanangu?"

"Ngoja nihakikishe, Mama."

Akakaa kwenye ngazi ya duka, akalinganisha maandishi yake na karatasi ya dukani, tarakimu moja baada ya nyingine, huku akizifuata kwa kidole. Akarudia kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Hakukosea hata moja.

Hapo hapo simu ikalia. Ni mtu wa mbao tena. Hija akaomba aipokee yeye.

"Shikamoo. Samahani, umepiga namba gani?"

Yule mtu akaitaja. Haikuwa ile ya kwenye karatasi.

"Si namba ya Audax, muuza mbao wa Kibamba?" mtu huyo akauliza. "Kaiandika kwenye kibao chake."

Hija akawaza. Kama namba ya huyo Audax inalia kwenye simu ya Mama, namba ya Mama inalia wapi? Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha simu za kulipia. Akavuka na Mama, akapiga namba ya kwenye karatasi.

"Siuzi samaki!" sauti nzito ikanguruma, na simu ikakatwa.

Hija nusura acheke. Akapiga tena.

"Shikamoo, Mzee Audax. Tafadhali usikate. Sie ndio wauza samaki. Na wateja wako wa mbao wote wanampigia mama yangu."

Kisha ile sauti ikauliza, safari hii polepole, "Wee mtoto, unasema kweli? Uko wapi?"

Ijumaa asubuhi, kama walivyoahidiana kwa simu, wakakutana na Mzee Audax dukani. Alikuwa mrefu, na vumbi la mbao lilikuwa bado limemganda nyusini.

"Nyie tena!" alisema Twalib. "Si nimewaambia mtoto kakosea kuandika?"

Kioo cha kaunta kilimfika Hija kifuani. Alisimama wima.

"Shikamoo, kaka. Naomba upige namba ya kwenye karatasi hii. Hii uliandika wewe mwenyewe, si mie."

Wateja wakageuka. Mwenye duka, Bi Demetria, akatoka chumba cha ndani na miwani yake. "Piga, Twalib," akasema.

Twalib akapiga. Macho yote yakaelekea simu ya Mama. Ikanyamaza kama jiwe. Kilicholia ni mfuko wa shati la Mzee Audax.

"Haloo," Mzee Audax akapokea, akimkazia macho Twalib. "Leo tuna changu. Nikuwekee kilo ngapi?"

Duka zima likaangua kicheko. Twalib akainamisha kichwa. Alikiri kwamba wateja hao wawili walinunua simu siku moja, watu walikuwa wengi, naye akachanganya laini zao. Bi Demetria alizifungua simu zote mbili, akarudisha kila laini kwa mwenyewe.

"Siku tatu umewasimamisha hapa," alimwambia Twalib. "Kupiga namba moja kungekuchukua muda gani? Omba radhi. Anza na mtoto."

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Twalib. "Kosa lilikuwa langu."

Jumamosi asubuhi Mpishi Sadallah alipiga. Alitaka kilo thelathini. Mama aliongea naye kwa sauti ya kusikika soko zima, kisha akawageukia wauza samaki wenzake.

"Mmesikia? Kazi ya binti yangu hii! Aliambiwa kakosea mbele za watu, hakulia, hakutukana. Kwanza alijikagua mwenyewe. Alipoona yuko sawa, alitafuta ukweli hadi akaupata, akausema kwa adabu." Akamwekea Hija mkono begani. "Na wewe mwanangu, uwe hivyo hivyo siku zote. Ukiambiwa umekosea, jikague kwanza. Kama kosa ni lako, likiri. Kama si lako, usiogope kusema, hata kama aliye mbele yako kavaa tai."