Nafasi ya Katikati

Hivi wewe, ukimwekea nafasi mtu ambaye hayupo, mwezi baada ya mwezi, unadhani ni nani atakayekuja kuikalia? Usijibu haraka. Kuna baba mmoja alijibu haraka, tena ni msomi.

Alikuwa na digrii ya takwimu, second class upper, imetiwa fremu na kutundikwa juu ya friji. Miaka minne ya chuo, na kazi aliyoipata ni kufuta chunusi za watu. Studio ya picha, chumba cha nyuma, kompyuta moja na feni inayolia kuliko inavyopuliza. Bibi harusi hataki makunyanzi, anafuta. Mheshimiwa hataki kitambi, anafuta. Mtaani walimwita Msafishaji, naye aliitika, maana tumbo halina cheo.

Nyumbani kwake kulikuwa na mazoea ambayo hayakuwahi kuvunjwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, watoto wakishaogeshwa na kupakwa mafuta hadi wang'ae kama masufuria ya wageni, walikalishwa kwenye benchi jeupe sebuleni wakapigwa picha. Benchi lile lile, ukuta ule ule, kamera juu ya alama ya gundi iliyobandikwa sakafuni ili isisogee hata upana wa kidole. Mama ndiye aliyeanzisha, mtoto wa kwanza alipotimiza siku arobaini. Huyo sasa ana miaka kumi na moja na anaitwa Injinia, kwa sababu hakuna redio iliyopita mikononi mwake ikapona. Wa pili ni binti wa miaka sita, Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi iliyokaa juu ya shavu lake la kushoto kama mbegu ya ufuta. Ukiupitisha haraka ule mlolongo wa picha kwenye albamu, unaona meno yakiota, yakidondoka, yakiota tena.

Kulikuwa na wa tatu. Alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, na hakulia.

Jumapili ya picha iliyofuata mama alitoka chumbani, akawatazama wawili waliokaa wamebanana, akasema, "Mwachieni nafasi yake."

Wakasogea, mmoja huku, mmoja kule. Katikati pakabaki upana wa mtoto. Nani angembishia mwanamke ambaye maziwa bado yanalowesha nguo yake? Mwezi wa kwanza, sawa. Lakini mwezi wa nane nafasi ilikuwa bado pale, na hakuna aliyethubutu kusema basi.

Mwezi wa tisa likatokea doa.

Lilikuwa dogo kama yai, katikati ya nafasi, rangi ya chai iliyopoa. Msafishaji aliliona Jumatatu akiwa kazini, maana picha za nyumbani pia alizisafisha kwenye kompyuta ya studio. Akalaumu lenzi. Sasa, doa kwenye picha haling'olewi, linafunikwa: unaazima kipande cha mahali pa jirani, unakipachika juu yake, unalainisha kingo. Akaazima ukuta. Ukuta ukakataa. Kila alipopachika, doa lilielea juu tena kama mafuta kwenye maji. Akaazima benchi, likakataa. Mwisho, kwa uchovu tu, akaazima kipande cha kiwiko cha Kidoti.

Kikakubali mara moja. Doa likazama, ukuta ukawa safi. Akahifadhi juu ya picha ile ile, ya asili ikapotea, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa harusi za watu na bosi alishapiga marufuku kuweka nakala mbili.

Siku tatu baadaye, mama alikuwa akimwogesha Kidoti.

"Baba Injinia, hebu njoo uone. Lile kovu la kiwiko, lile aliloanguka ngazini, limekwisha!"

"Mafuta yako hayo, mke wangu."

"Mafuta gani? Kovu la miaka miwili?" Akacheka, lakini kidole chake hakikuacha kupapasa mahali pale. Ngozi ilikuwa laini mno, na baridi.

Mwezi wa kumi doa lilikuwa kubwa kama papai. Sebuleni, wakati wa kupiga, kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, na mama alifungua madirisha yote mawili asione inakotoka. Msafishaji akaazima bega la Kidoti. Wiki hiyo hiyo sare ya shule ikaanza kumteleza mtoto upande wa kulia. Mwalimu akaandika kwenye daftari: mtoto apewe chakula cha kutosha. Kana kwamba walikuwa wanamnyima.

Mwezi wa kumi na moja, Injinia alianza kugombana na hewa.

"Baba, mwambie asinisukume."

"Kidoti yuko mbali nawe hatua nzima, utasukumwaje?"

"Sio Kidoti." Kijana aliongea bila kugeuza shingo, macho kwenye kamera, kama mtu aliyeambiwa kuna nyuki shingoni. "Huyu wa hapa."

"Injinia, acha mchezo," mama akasema, lakini sauti ilishuka katikati ya neno.

Benchi likalia. Lilikuwa na tabia ya kutoa mlio mfupi mtu akikaa, na watoto wote wawili walikuwa wamekwisha kukaa.

Msafishaji alipiga picha. Ndiyo, alipiga! Mtu mwingine angebeba benchi na kulitupa barabarani, lakini yeye alikuwa na digrii, na mwenye digrii haogopi mbao. Kesho yake ofisini, saa tano ya asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani na bosi akicheka na mteja chumba cha mbele, alifungua ile picha. Doa halikuwa doa tena. Lilikuwa na kichwa na mabega, limekaa vizuri, mikono magotini kama watoto wanavyofundishwa kukaa, na kwenye kiwiko chake cha kulia kulikuwa na kovu dogo la mtu aliyeanguka ngazini.

Alijua pale pale alichokuwa amefanya. Na bado, kwa sababu mkewe alikuwa akisubiri picha ya mwezi jioni ile, kwa sababu aliwahi kumwona amekaa sakafuni na albamu akiigusa nafasi ile tupu kwa kidole na hakutaka aone kilichoijaza, kwa sababu mwoga siku zote ana sababu nzuri, alisogeza kishale hadi kwenye uso wa Kidoti, akabonyeza, akaazima shavu la kushoto, akafunika.

Mama aligundua wakati wa kulala. Hakupiga kelele. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia kwenye taa, akamgeuza tena.

"Kidoti," alinong'ona, "alama yako iko wapi?"

"Amechukua."

"Nani?"

"Mtoto wenu. Anasema baba ndiye aliyempa."

Hospitali walimpima damu, mkojo, kifua. Kila kitu normal. Daktari kijana, aliyekuwa na haraka ya kumwita anayefuata, aliandika dawa ya minyoo. Mama akarudi nyumbani, akatoa picha za mwaka mzima, akazipanga sakafuni, na hapo akaona kitu ambacho mashine zote hazikukiona. Mwaka uliopita, Kidoti akikaa kwenye benchi, visigino vyake viligusa sakafu. Mwezi wa tisa vidole ndivyo vilivyogusa. Sasa miguu yote miwili ilikuwa inaning'inia.

Shangazi mtu ndiye aliyemleta mtabibu, mwanamke wa makamo aliyeingia na mfuko wa vitunguu kutoka sokoni, miwani imefungwa kamba, akaomba kwanza maji ya kunywa. Injinia alitarajia mifupa na manyoya, akasikitika kidogo. Mtabibu aliitembea ile safu ya picha polepole, mwanzo hadi mwisho, akarudi, akainama.

"Nani amekuwa akimkata huyu mtoto?"

Msafishaji alitazama vidole vya miguu yake.

"Nilikuwa nasafisha tu," akasema mwishowe.

"Ulikuwa unalisha." Mtabibu alivua miwani. "Hilo ni jini la kupanga, baba. Halina sura, linatafuta nafasi iliyo wazi. Mkeo aliiweka kwa uchungu, simlaumu, uchungu hauna macho. Lakini lingekaa likachoka likaondoka. Wewe ukalipa kiwiko, ukalipa bega, ukalipa uso. Sasa lina uso, kwa nini liondoke?"

Mama alimgeukia mumewe. Kisha akamlaza Kidoti kwenye mkeka.

Ilikuwa saa saba mchana. Mtabibu alimwambia mama akakae katikati, pale pale, aseme ukweli wa ile nafasi kwa mdomo wake mwenyewe, na asinyanyuke hata akiitwa kwa sauti anayoijua. Mama akakaa. Benchi likalia chini yake, halafu, taratibu, likalia tena, na sketi yake ikabonyea mapajani kana kwamba kuna mtu amempakata, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba hadi Injinia akatapika mlangoni, na kutoka mahali fulani kati ya kidevu chake na magoti yake, kwa sauti ya Kidoti lakini changa zaidi, sauti ya Kidoti kabla hajajua kutamka vizuri, ikatoka, "Mama, nimekua, niangalie," na mama akafumba macho machozi yakipenya chini ya kope, mikono yake ikipanda yenyewe, ikizunguka hewa, ikitaka kukumbatia, huku Kidoti aliyelala kwenye mkeka akianza kupumua kwa shida kana kwamba kila inchi ya mikono ile ilikuwa inambana yeye.

"Mama Injinia, sema!" mtabibu akafoka.

"Mwanangu alikufa," mama akasema. Mikono ikasimama. "Alikufa kabla hajalia. Nilimzika. Sikumpa jina. Hapa hapakai mtu. Hapa hapakai mtu!"

Benchi lilipasuka kwa urefu wake wote. Kitu kilipita mlangoni kwa kishindo cha miguu midogo mitupu, mbio, na pazia lilinyanyuka bila upepo. Kisha Kidoti akavuta pumzi ndefu, akaomba uji.

Walichoma picha zote za nafasi ile uani. Kesho yake kovu lilikuwa limerudi kwenye kiwiko, na mama alilibusu kama hirizi. Siku ya pili bega likajaa. Wakangoja shavu. Siku ya nne, ya saba, ya kumi. Shavu likabaki tupu, na alama za kimo chake, ambazo mama alizichora kila siku kwenye mwimo wa mlango, zikaanza tena kushuka.

"Kuna picha moja ipo," mtabibu akasema. "Na ikishushwa, ishushwe na aliyeitengeneza pamoja na aliyeitundika. Mkono mwingine ukiigusa, utampasua mtoto."

Msafishaji alikaa chini. Alijua iko wapi. Alikuwa akiipita kila asubuhi na kila jioni kwa siku kumi hizo, na kinywa amekifunga.

Bosi alikuwa ameikuta kwenye kompyuta, picha ya mwezi wa kumi na moja, akaipenda, akaikuza ikawa kubwa kama mlango, akaitundika kwenye kioo cha mbele ya studio inayotazama barabara. Hakuomba ruhusa. Wafanyakazi wake huwa hawaombwi. Usiku ule Msafishaji alikiri, na kesho yake mama alifika saa tatu asubuhi, watu wakienda kazini, amembeba Kidoti mgongoni kwa mbeleko, na mtoto wa miaka sita alikuwa ametosha humo vizuri.

"Mama, relax," bosi alisema mlangoni, mikono mifukoni. "It's just a picture. Watu wanaingia humu kwa ajili ya watoto wako hao watatu."

"Wangapi?"

"Watatu. Huyo wa katikati hasa, anavyocheka, wateja wanampenda sana."

Mama hakutazama kioo. Alimtazama mumewe, aliyesimama nyuma ya bosi na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi.

"Ngoja niongee naye taratibu," Msafishaji akanong'ona. "Unajua kazi zilivyo adimu, mke wangu. Wiki ijayo akiwa na moyo mzuri..."

"Wiki ijayo nitambeba kwenye kiganja?"

Wapita njia walianza kusimama. Mgongoni, Kidoti alijaribu kusema kitu, na mdomo ukafunguka, na sauti ikatokea upande wa kioo, ikicheka.

Mama akakaza fundo la mbeleko. Alipoongea, hakunong'ona tena, barabara nzima ilisikia.

"Wewe uliyeitengeneza ukaogopa kusema, na wewe uliyeitundika bila kuuliza ni watoto wa nani. Ngazi ile pale. Mmoja ashike huku, mwingine ashike kule. Sitaki pole, sitaki wiki ijayo, sitaki kusikia habari za wateja. Pandeni. Ishusheni sasa hivi, mbele ya macho yangu, mtoto wangu angali ana uzito."